Gari la Mkataba na Ng'ombe wa Kutunziwa

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, na walio wachangamfu zaidi huhakiki nyimbo za dansi na misemo ya kwenye khanga. Sijapata kumwona aliyekaa kitako akahakiki mkataba. Yamkini ni kwa sababu mkataba hatuuhesabu kuwa ni maandishi ya mtu. Tunauona kama risiti ya duka. Lakini neno lenyewe lina shina moja na kitabu na katiba, na katika maisha ya vijana wetu wa leo sijui andiko lenye nguvu kuliko ile karatasi moja au mbili, iliyochapwa katika duka la steshenari pale mjini Moshi, ambayo kwayo kijana hukabidhiwa pikipiki, bajaji au gari ili alipe kidogo kidogo hata chombo kiwe chake. Naomba basi msomaji aniruhusu niitendee karatasi hiyo kama nilivyoyatendea mashairi darasani kwa miaka mingi: nani anasema, anamwambia nani, na ni lipi ambalo halikusemwa.

Karatasi ninayoizungumzia ililetwa kwangu na mtoto wa marehemu kaka yangu. Ni dereva, na kwa miaka minne ameendesha gari la hesabu. Nieleze hapa kwa ajili ya msomaji asiyekaa vijiweni. Katika lugha ya madereva, gari la mtu mwingine huendeshwa kwa njia mbili. Kuna gari la hesabu, ambalo dereva humpelekea mwenye gari kiasi walichopatana kwa siku au kwa wiki, kinachozidi ni chake, na gari halitakuwa lake hata aliendeshe miaka ishirini. Halafu kuna gari la mkataba, ambalo kiasi chake ni kikubwa zaidi, lakini siku ya malipo ya mwisho kadi ya gari hubadilishwa jina. Wanasheria na Benki Kuu wana neno lao, karadha, na Bunge lilitunga sheria yake mwaka 2008. Lakini tajiri wa mjini mwenye magari manne, asiye na leseni ya biashara hiyo wala haja nayo, hana habari na neno hilo. Yeye ana ile karatasi.

Safari hii gari lenyewe lilikuwa Alphard. Msomaji anayelifahamu ataelewa kwa nini kijana hakulala. Ni lile gari pana la Toyota, lenye milango ya kujisukuma na viti kama vya sebuleni, ambalo Wajapani walianza kuliunda mwaka 2002 na ambalo likishachakaa kwao huja kuanza ubwana kwetu. Hubeba maharusi, hubeba watalii kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hadi hotelini, hubeba wakubwa wanaokwenda Arusha kwenye mikutano. Masharti yalikuwa shilingi 300,000 kila Jumatatu, kwa wiki 130. Jumla yake ni milioni 39. Kianzio hakikutakiwa, kilichotakiwa ni mdhamini, na mdhamini aweke mali isiyohamishika. Ndiyo sababu karatasi ilipanda mlima hadi Kibosho. Kihamba cha kaka yangu hakiwezi kuguswa bila mjane wake kukubali na bila mimi kuweka sahihi.

Basi niliisoma. Ina vifungu kumi na vinne. Kumi na kimoja kati ya hivyo vinaanza kwa neno "Dereva", na kitenzi kinachofuata ni kile kile: atalipa, atawajibika, atagharimia, hataruhusiwa. Viwili vinaanza kwa neno "Mmiliki", na humo kitenzi ni "atakuwa na haki". Kimoja kinaanza kwa "Gari", nacho kinasema gari "litachukuliwa" popote lilipo. Litachukuliwa na nani, saa ngapi, mbele ya shahidi gani, hakuna. Walimu wa sarufi tunawafundisha watoto kwamba kauli ya kutendwa humficha mtenda. Sikuwahi kupata mfano mzuri kuliko huu wa kuwapa.

Lakini hilo ni jambo dogo. Shairi baya huwa na beti ambayo humo mtunzi amejisahau akasema ukweli wake, na hapa zipo mbili. Kifungu cha tatu kinasema kwamba kila shilingi 300,000 itakayotolewa ni "malipo ya ununuzi wa gari". Ni sawa, huo ndio moyo wa mapatano. Kifungu cha kumi na moja kinasema kwamba dereva akishindwa kulipa wiki mbili mfululizo, mkataba utakuwa umevunjika, gari litarudi kwa mmiliki, na fedha zote zilizokwisha kulipwa zitahesabiwa kuwa "kodi ya matumizi". Msomaji na asome tena. Fedha ni zile zile, zimetoka mfuko mmoja zikaingia mfuko mmoja, lakini zina majina mawili: dereva akifika mwisho ziliitwa bei, akianguka njiani ziliitwa kodi. Jina linabadilika kurudi nyuma, hata kwa fedha zilizolipwa miaka miwili iliyopita.

Tufanye hesabu kidogo. Kijana aliniambia kwamba gari la namna hiyo, kwa njia ya hesabu ya kawaida, angeweza kulipata kwa shilingi 200,000 kwa wiki. Kwa hiyo zile 100,000 zinazozidi ndizo anazonunulia. Akilipa wiki 100 bila kukosa, atakuwa ametoa shilingi milioni 10 za kununua gari, juu ya milioni 20 za kulitumia. Wiki ya 101 augue malaria, ya 102 bado yu kitandani. Milioni 10 zimekwenda, na hakuna aliyemwibia. Zimebadilishwa jina tu.

Kifungu cha sita ni kifupi kuliko vyote: "Dereva atagharimia matengenezo yote." Neno "yote" limebeba mzigo ambao gari lenyewe lisingeweza kuubeba. Gari lililokwisha kutumika Japani miaka mingi, lililolipiwa ushuru wa uchakavu bandarini kwa sababu Serikali yenyewe imekubali kwamba ni chakavu, likifa injini mwezi wa tatu, ni matengenezo. Giaboksi ikikataa kwenye kona za kupanda huku kwetu, ambako barabara hutoka kwenye joto la mjini, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 1,300, ni matengenezo. Hakuna mstari unaotenganisha tairi lililolika kwa kazi na injini iliyokuwa mbovu tangu siku ya kukabidhiwa.

Kisha kuna yale yasiyosemwa. Karatasi nzima haina neno moja kuhusu siku ambazo kazi haipo. Nami sisemi siku za uvivu. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, waliingia kama 620,000. Waliokuwa wakibeba wageni kutoka uwanja wa ndege waliona kwa macho yao mlima ukiwa pale pale na theluji yake, na wageni hawapo. Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita baada ya vita vya Ukraine kuanza. Bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na malipo ya Jumatatu hayana habari na Jumatano. Katika soko la namna hii, ambalo hakuna ajuaye mwaka kesho litakuwaje, mkataba una kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kusema hasara isiyotarajiwa itamwangukia nani. Mkataba huu umeitimiza kazi hiyo kikamilifu, kwa kunyamaza.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Wenye magari nao wana vilio vyao, na nimevisikia. Gari hukabidhiwa Moshi likaonekana Singida likiwa na namba bandia; injini nzuri hutolewa ikawekwa mbovu; dereva humwachia gari deiwaka ambaye hana leseni, naye akagonga. Aliyeweka milioni zake mikononi mwa kijana ana haki ya kulala usingizi. Ninachokataa ni kwamba lazima ili yeye alale, mwenzake akeshe miaka miwili na nusu.

Na ninakataa kwa sababu sisi watu wa mlima huu tulikuwa na mkataba wetu, usioandikwa, uliojua kugawa usingizi. Baba yangu alitunza ng'ombe wasio wake, na wake wengine walitunzwa na watu wa mbali, hata ng'ambo ya mto. Mtunzaji alimfunga ng'ombe nyumbani mwake, akamkatia majani, akamtekea maji. Malipo yake yalikuwa maziwa, na samadi kwa ajili ya migomba, na siku ya kuchinjwa alikuwa na sehemu yake ya nyama inayojulikana. Ndama alikuwa wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe akifa? Mtunzaji alipeleka habari mapema, akapeleka nyama na ngozi ili ionekane kweli amekufa na hakuuzwa, basi. Hakudaiwa ng'ombe mwingine, isipokuwa ikithibitika mbele ya wazee kwamba alimwacha afe kwa uzembe. Kifo cha ng'ombe kilikuwa hasara ya mwenye ng'ombe, kwa kuwa na uzazi wa ng'ombe ulikuwa faida yake. Aliyengojea faida ya mali ndiye aliyengojea na msiba wake.

Nataka msomaji aone pia kwa nini mali ile ilitawanywa. Sababu moja ilikuwa ugonjwa: ukiingia zizi moja haumalizi wote. Sababu ya pili ni kwamba enzi za wamangi wapiganaji, kama Sina wetu wa Kibosho ambaye Wajerumani walimshinda kwa bunduki mwaka 1891, haikuwa busara ng'ombe wako wote waonekane mahali pamoja. Mtu tajiri alionekana ana ng'ombe wawili. Leo mambo yamepinduka. Kila Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, barabara ipandayo Kibosho hujaa magari makubwa, na si siri kwamba baadhi yake yamekodiwa Dar es Salaam kwa wiki mbili, yarudishwe Januari. Zamani mali ilikopeshwa ili isionekane. Sasa inakodiwa ili ionekane. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini hawakuiona Alphard nyeusi imeegeshwa mbele ya kanisa Jumapili ya mkesha. Inasitiri sana, kwa wiki mbili.

Wala siwacheki. Hata hamu ya mwanetu haikuwa ya fedha tupu. Alitaka Desemba apande nalo, mama yake akae kiti cha nyuma.

Hapa inabidi niivuke bahari kidogo, kwa kuwa nilikuwa na karatasi ya pili ya kulinganisha. Binti yangu anaishi Marekani, na mwaka 2024 alitutumia picha akiwa kando ya gari jipya la umeme, la kampuni ya Kikorea. Kijiji kizima kilijua kwamba amenunua. Nilipompigia simu alicheka: "Baba, si langu. Nimelikodi miezi thelathini na sita, kisha nalirudisha." Nilimwomba anitumie kurasa za mkataba wake kwa simu, nazo nilizisoma kwa miwani miwili. Ni mrefu kuchosha, na una makucha yake: akipita maili 10,000 kwa mwaka analipa kwa kila maili ya ziada, na akilirudisha limekwaruzwa atatozwa. Lakini ndani yake mna kitu ambacho karatasi ya Moshi haina. Mna kiasi kilichoandikwa tangu siku ya kwanza, cha thamani ambayo gari linakisiwa kuwa nayo miezi 36 ikiisha. Yeye hulipia ile tofauti tu, yaani sehemu ya gari anayoila, pamoja na riba. Siku ya mwisho, kama sokoni gari hilo lina bei kubwa kuliko kisio, anaweza kulinunua kwa kisio. Kama bei imeanguka, analirudisha na kwenda zake, na aliyekosea kukisia ndiye anayekula hasara.

Kwa nini Wamarekani wengi waliyakodi magari ya umeme badala ya kuyanunua? Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni ya kodi: kwa sheria ya mwaka 2022, gari la umeme lililokodishwa liliweza kupata nafuu ya Serikali ya dola 7,500 hata pale ambapo mnunuzi wa kawaida asingeipata, na nafuu hiyo ilikoma tarehe 30 Septemba 2025. Ya pili ndiyo inayonihusu. Hakuna aliyejua gari la umeme la mwaka huu litakuwa na thamani gani baada ya miaka mitatu, betri mpya zikiwa zinatoka kila siku na viwanda vikipunguza bei. Kampuni ya Hertz, ambayo ni mabingwa wa kukodisha magari, ilitangaza mwaka 2021 kwamba itanunua magari 100,000 ya Tesla. Mwaka 2023 Tesla yenyewe ikapunguza bei ya magari mapya, na ya zamani yakaanguka nayo. Januari 2024 Hertz ilitangaza kuuza kama magari 20,000 ya umeme, na hasara ya thamani iliyoandika ilikuwa karibu dola milioni 245. Sisi wa Kibosho hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika, tuliona bei ya kilo ikishuka na mibuni ikiwa pale pale shambani. Tofauti ni kwamba Hertz walikisia, wakakosea, wakalipa wao. Mteja aliyekuwa amelikodi gari kwa siku tano hakuletewa barua.

Msomaji ataniuliza: gari la umeme la Marekani na Alphard ya Moshi vinahusiana nini? Vinahusiana kwa jambo moja alilonidokeza kijana, akidhani linanifurahisha. Tajiri wake amemwambia kwamba anafikiria kuleta magari ya umeme yaliyotumika Japani, kwa kuwa petroli imemchosha kila mtu na bajaji za umeme zimekwisha kuonekana Dar es Salaam. Nikauliza, mkataba wake utakuwaje? Akajibu: "Ni huu huu, baba mdogo. Anabadilisha jina la gari tu."

Hapo ndipo nilipoweka miwani mezani. Maana kwenye gari la umeme, kifungu cha sita si kifupi tena. Injini ya umeme haina mafuta ya kubadilisha wala plagi, na breki zake hudumu, kwa kuwa gari likishuka mlima mota yenyewe hulizuia na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwa barabara yetu hiyo ni baraka. Lakini betri ndiyo kipande ghali kuliko vyote ndani ya gari, na huzeeka. Chukua Nissan Leaf, ambayo iliingia sokoni Japani mwishoni mwa 2010 na ndiyo itakayoletwa kwa wingi kwa kuwa ni ya bei nafuu. Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto huidhoofisha upesi. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Gari likifika hapa na vijistari nane, safari ya kupanda Kibosho na kurudi mara mbili inaweza kuwa ndiyo kazi yote ya siku. "Dereva atagharimia matengenezo yote." Kwa maneno hayo manne kijana atakuwa amejinunulia betri ya mtu mwingine, iliyozeeshwa na Mjapani, katika soko ambalo hata Hertz hawakuweza kulisoma.

Na njia nyingine ipo, wala si ya mbali. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza mwaka 2022 kuyatoa mabasi ya umeme kwa wenye matatu kwa mpango ambao betri imetengwa na basi. Mwenye matatu hununua basi bila kubeba bei ya betri, kisha hulipa kwa kila kilomita anayotembea, na katika malipo hayo mna betri na kuchaji. Sisemi kwamba ni sadaka. Ni biashara, nao wanatafuta faida. Ninachokisifu ni mahali walipoupitisha wembe. Kitu ambacho hakuna ajuaye kitadumu vipi kimebaki kwa kampuni, ambayo ina mafundi na ina betri nyingi za kulinganisha. Na malipo yanafuata kilomita, kwa hiyo basi likilala, deni halikimbii. Ndugu zetu Waislamu nao, katika kanuni zao za ijara, wanashikilia kwamba anayepokea kodi ya kitu ndiye mwenye kubeba hasara ya kitu chenyewe kikiharibika pasipo uzembe wa mpangaji. Babu yangu, Mkatoliki wa misheni ya Kibosho, angewaelewa mara moja.

Si kila jaribio hufaulu, hilo pia lisemwe. Teksi za umeme za Nopea, zilizoanza Nairobi mwaka 2018, zilisimama mwaka 2022 kampuni mama yake ya Ufini ilipofilisika. Kubeba hasara kuna kuangusha. Lakini ndiyo maana inafaa kujua ni nani mwenye mabega.

Tulikaa kikao: mimi, shemeji yangu mjane, na kijana. Shemeji hakusema mengi. Aliuliza kama kifungu cha kumi na tatu, kile cha mdhamini, kina maana kwamba kaburi la mumewe nalo limo, kwa kuwa liko katikati ya kihamba. Nikamjibu kwamba karatasi haitofautishi. Kijana akanitazama, akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake, nami naliandika hapa kwa kuwa ni haki yake: "Baba mdogo, miaka minne nimepeleka hesabu. Nimemnunulia mtu gari zima na sina hata kioo chake. Nikingoja mkataba mzuri nitazeekea kijiweni."

Niliichukua kalamu nyekundu, kama zamani, nikaandika pembeni mwa karatasi. Kwenye kifungu cha sita: matengenezo ya kila siku ni ya dereva, injini na giaboksi, nusu kwa nusu, na likiwa gari la umeme, betri ni ya mmiliki. Kwenye kifungu cha kumi na moja: wiki ambazo gari limekaa kwa ugonjwa, ajali isiyo ya kosa lake, au amri ya Serikali, zisogezwe mwisho wa mkataba, na mkataba ukivunjika baada ya nusu, dereva arudishiwe nusu ya zile 100,000 alizonunulia. Kifungu cha kumi na tatu nilikikata chote. Badala yake niliandika kwamba mdhamini ataweka ng'ombe wawili wa maziwa, walio wangu mimi.

Kijana aliipeleka. Alirudi jioni akiwa na majibu. Wiki za ugonjwa, tajiri amekubali kuzisogeza, zisizidi nne. Injini nusu kwa nusu, atafikiri. Kurudisha fedha, alicheka, akasema vijana wanaolitaka gari hilo ni wengi na hakuna hata mmoja aliyekuja na mwalimu. Kuhusu kihamba hakusema neno, ila aliuliza, mzee huyo ana wazimu gani wa kutaka kuweka ng'ombe dhamana ya Alphard.

Hayo yalikuwa Agosti. Gari halijapewa mtu mwingine, na kijana bado anaendesha la hesabu. Juzi tajiri alimpigia simu, akamuuliza wale ng'ombe wanatoa lita ngapi kwa siku.